Mpaka Unafuata Mto

Siku yangu ya kwanza kazini nilinyang'anywa raba. Nilikuwa nimetoka chuoni na viatu vipya na mkebe wa vifaa kwapani, nikaripoti Shinyanga kwa Mpima Mkuu wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti nzito ambaye hakujishughulisha hata kukitazama cheti changu. Aliufungua mkebe, akachukua raba, akaitupa kwenye droo yake. Kisha akanikabidhi daftari la uwandani. Kwa nyinyi mliokulia kwenye simu, hicho ni kitabu kidogo chenye jalada gumu ambamo mpima anaandika kila anachokiona na kukipima akiwa porini: pembe, umbali, mti, mwamba, jina la mzee aliyemwonyesha njia.

"Humu hamfutwi kitu," aliniambia. "Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke. Andika lililo sahihi pembeni, weka saini. Mpima anayefuta ni mwizi."

Alistaafu bila kunirudishia raba ile. Nimefanya kazi umri wangu wote bila raba, na makosa madogo madogo niliyapigia mstari kama nilivyofundishwa. Lile kubwa nililiacha. Hilo ndilo linalonifanya niandike, maana wajukuu zangu wanadhani kazi yangu ilikuwa kutembea na miguu mitatu ya chuma begani.

Wakati ule tulipima kwa mnyororo, mnyororo kweli, wa pingili za chuma, unaoburutwa na watu wawili kutoka fito hadi fito. Pembe tulizisoma kwa theodolaiti, darubini inayokaa juu ya hiyo miguu mitatu. Pale mpaka unapopinda tulisimika bikoni, nguzo fupi ya zege yenye chuma katikati, na chini yake tukafukia mkaa. Mkaa hauozi. Mtu akiing'oa bikoni ili aibe shamba la jirani, unachimba, mkaa unakuonyesha ilipokuwa. Na kabla ya yote hayo, uliita wazee wa pande zote mbili wautembee mpaka pamoja, na hukuandika lolote hadi pande zote ziwe zimekubali. Mpima Mkuu alituonya kuhusu adabu ya Kisukuma: ukimwuliza mzee kama mpaka unapita hapa, atakuitikia ndiyo ili asikuvunjie heshima. Kwa hiyo hukumwuliza. Ulimwacha atangulie, ukamfuata nyuma.

Kituo changu cha pili kilikuwa Maganzo, kwenye wachimbaji na wachuuzi wa almasi. Nilisimika bikoni kumi na mbili, na baada ya wiki mbili zote zilikuwa zimeng'olewa. Wachimbaji walikuwa wameona serikali ikifukia kitu cheusi ardhini, wakaamini ni alama ya mahali penye almasi. Afisa Ardhi wa Wilaya alicheka hadi akatoa miwani yake kufuta machozi, kisha akaniambia nikazisimike upya zote, safari hii mbele ya watu, na kila mmoja ashike mkaa kwa mkono wake.

Nyarugusu ndiko nilikoijua dhahabu. Nilijifunza kwamba shimo la mchimbaji ni duara, kwamba miti inayozuia kuta zake zisiporomoke ni matimba, na kwamba mahali pa kuoshea udongo wenye dhahabu ni mwalo, na mwalo bila maji si kitu. Niliweza kupima kiwanja asubuhi nikakuta adhuhuri kina shimo katikati. Baadaye nikapelekwa upande wa Kahama, jirani na Buzwagi, kuorodhesha mali za watu waliopisha barabara. Watu waliniacha nihesabu nyumba, miembe, zizi la ng'ombe. Nikifika kwenye kaburi, mara nyingi mwenye boma alikuja kusimama kati yangu na lile kaburi. Zaidi ya mara moja nilishuhudia barabara ikipindishwa.

Nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu nilipohamishiwa halmashauri moja ya ukanda wa Geita, ambayo sitaitaja. Mkuu wa Idara ya Ardhi pale alikuwa na umri wa kitinda mimba wangu. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, nikaitika marahaba, kisha akanipa amri. Sikuwa na kinyongo naye. Alikuwa mchapakazi, alizifahamu mashine mpya kuliko mimi, na alitaka kupanda cheo upesi.

Mwaka huo lilizaliwa jimbo jipya la uchaguzi. Jimbo la zamani lilikuwa limetanuka kwa watu waliofuata dhahabu, na vijiji vya mwisho vilimwona mbunge wao kwenye mabango tu. Ombi la kuligawa lilipita kwenye baraza la madiwani, likapita vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa, na ili lipelekwe kwa wenye mamlaka ya kugawa majimbo lilihitaji ramani na maelezo ya mpaka. Maelezo ya mpaka ni maandishi yanayosema mstari unaanzia wapi na unapita wapi, kama unavyomwelekeza mgeni njia. Watu hupenda kutazama ramani kwa sababu ina rangi, lakini vikigongana, yanayoshika ni maandishi. Kwa kawaida mpaka wa jimbo hufuata mpaka wa kata na kata haikatwi vipande. Yetu moja ilikuwa kubwa mno, nayo ikagawanywa kuwa mbili, na palipogawanywa ni kwenye Mto Nyahiga. Magharibi ya mto jimbo la zamani, mashariki yake jimbo jipya. Kazi ya kuutembea mto huo nilipewa mimi.

Katika ukingo wa mashariki, mto ulipojipinda kama mundu, palikuwa na kitongoji cha Mwalugesha. Mwenyekiti wake alikuwa mwanamke wa rika langu, Mama Kulwa, mjane, mrefu, mwenye kusema taratibu. Alikuwa amezaa pacha. Doto alifariki angali mchanga, akabaki Kulwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye mke na duara lake. Mama huyu alinitembeza kitongoji chote kabla hajakubali kuzungumzia mpaka, na mwisho akanisimamisha mbele ya kuta za matofali ya kuchoma. Ilikuwa zahanati yao. Walifyatua matofali wenyewe, wakachoma wenyewe, wakajenga hadi kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na pale wakakwama, kwa sababu nguvu za wananchi huishia kwenye linta na bati huletwa na wakubwa.

"Mbunge wa sasa yuko mbali, bati zake haziwezi kutufikia," aliniambia. "Hilo jimbo jipya makao yake ni hapo tu, pikipiki inafika kabla uji haujapoa. Tuandike huko, mayu wane. Andika vizuri."

Mayu wane ni mama yangu, na mwanamke wa Kisukuma akikuita hivyo wewe mwanamume mwenye mvi, anakubembeleza kwa moyo wake wote. Nilimwahidi kwamba nitaandika vizuri.

Tuliutembea mto kwa siku tatu, wazee wa pande zote wakitangulia. Kwenye pindo la Mwalugesha walisimama wote bila kubishana: mto ulipita pale tangu babu zao. Nilichukua vipimo vya kila kona kwa mashine ya setilaiti na kuviingiza kwenye daftari. Niliporudi ofisini nilimwomba Mkuu wa Idara tuweke vipimo hivyo ndani ya maelezo ya mpaka, na tusimike hata bikoni mbili kwenye pindo. Alikuwa na rundo la karatasi mezani na gari la kwenda mkoani likimsubiri nje.

"Mzee wangu, bikoni zitatuchukua mwezi na mimi nina siku mbili," alisema. "Mto hauhami. Andika mto."

Nikaandika. Nayakumbuka maneno yenyewe: kutoka makutano, mpaka unafuata katikati ya Mto Nyahiga kuelekea kaskazini hadi kwenye daraja. Mstari mmoja, hauna namba hata moja. Ulipendeza kuusoma.

Kiangazi kilichofuata maji yalipungua sana. Kulwa na wenzake walikuwa na mwalo wao mashariki ya kitongoji, na udongo uliokuwa umerundikana pale ulihitaji maji. Wakaenda kwa Mama Kulwa, kwa kuwa ndiye mwenyekiti, wakaomba ruhusa ya kuugeuza mto. Naye akaona mbali kuliko mwalo: maji yakipita mashariki, ng'ombe hawatakwenda mbali, na wanawake watachota karibu na nyumba. Aliitisha mkutano wa kitongoji na watu wote wakanyoosha mikono. Walichimba mfereji kutoka juu ya pindo ukapita upande wa pili wa kitongoji, wakaziba mdomo wa mto wa zamani kwa viroba vya mchanga. Mvua za kwanza ziliuchimbua ule mfereji zikaupanua, na mto ukakubali njia mpya.

Nilipita pale mwenyewe, nikielekea kupima eneo la shule. Hili nataka mlisikie vizuri. Nilisimama juu ya tuta la viroba, mimi niliyeandika kwamba mpaka unafuata mto, nikatazama mto unavyokwenda kule ambako zamani haukupita, nikawaambia wamefanya kazi nzuri. Mama Kulwa alinipa maziwa. Niliona ng'ombe wamekunywa na wanawake wanacheka, na wazo la mpaka halikunipitia kichwani. Mpima mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona.

Ramani ya mwisho ya jimbo ilichorwa mbali na sisi, na watu waliokuwa na vitu viwili mezani: maandishi yangu na picha mpya ya setilaiti. Picha iliwaonyesha mto, wakaufuata. Hawakukosea hata kidogo. Mwalugesha ikajikuta magharibi ya mto, ndani ya jimbo la zamani. Watu wenyewe hawakuambiwa. Wagombea wa jimbo jipya walikuja kufanya kampeni, mmoja akazipiga kuta za zahanati kofi akaahidi bati, wakampigia vigelegele. Orodha ya wapiga kura ilipobandikwa, kila mtu alitafuta jina lake akalikuta. Nani husoma maneno ya juu ya karatasi?

Siku ya uchaguzi nilikuwa msimamizi wa kituo hapohapo, kwenye darasa la shule shikizi, kwa kuwa watumishi tuliombwa na niliijua njia. Nilipofungua vifurushi alfajiri niliona jina la jimbo kwenye karatasi za ubunge, nikajua kila kitu kwa mpigo mmoja. Nilimpigia simu aliyekuwa juu yangu, akaniambia karatasi zinalingana na ramani, niendelee. Nje foleni ilikuwa imezunguka darasa.

Mama Kulwa alikuwa wa kwanza. Alikuja amevaa khanga mpya, akachovya kidole, akapokea karatasi zake tatu na kwenda kwenye kituturi cha kupigia kura. Akakaa huko muda mrefu. Kisha akarudi mezani kwangu na karatasi ya mbunge mkononi, yenye zile picha, na akaiweka mbele yangu.

"Hawa ni akina nani?"

Mawakala wa vyama walikuwa wananitazama. Ningeweza kusimama nikasema kosa ni langu na liko kwenye mstari gani. Nilimwambia, "Mama, hao ndio wagombea. Piga kura."

Alinitazama usoni, na sidhani nitaisahau ile sura. Aliikunja karatasi bila kuweka alama, akaitumbukiza sandukuni, akatoka. Hakuwaambia waliokuwa kwenye foleni, nadhani kwa aibu, maana mkutano wa kuugeuza mto aliuongoza yeye. Kila aliyeingia baada yake aliona mwenyewe.

Wiki ile ile nilimpelekea Mkuu wa Idara daftari langu, lenye vipimo vya mto wa zamani na majina ya wazee, nikamwambia tuandike barua ya kusahihisha. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa. Aliyeshindwa katika jimbo jipya alikuwa tayari ametafuta wakili, na kitongoji kizima kilichopigia kura upande usio wake kilikuwa ndicho kitu alichokuwa akikitafuta.

"Daftari hili likitoka, mzee, uchaguzi mzima unaingia mahakamani, na karatasi ya kwanza kusomwa ni hii uliyoandika wewe," alisema. "Umebakiza miezi mingapi?"

Nilibakiza kumi na minne. Nililirudisha daftari nyumbani, nikaliweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Hakunitisha, wala hakuniomba. Aliniuliza miezi tu, nami nikaijibu kwa vitendo. Miezi ile nilikwenda kazini kama kawaida, nikapima viwanja, nikaitika marahaba.

Kuhusu bati, mbunge wa jimbo la zamani alisema Mwalugesha waliomba wenyewe kuondoka, basi wakadai hukohuko walikotaka kwenda. Wa jimbo jipya alisikitika, akasema ramani haimruhusu kuvuka mto. Kuta zilinyeshewa masika yote na matofali ya juu yakaanza kumomonyoka.

Mchana mmoja wa masika hayo matimba yalivunjika katika duara la Kulwa. Wenzake walimtoa akiwa hai, kifua kimepondwa, anaongea. Pikipiki ilikuwepo. Kituo cha afya kilikuwa kule mashariki, hapo tu, kabla uji haujapoa, lakini njia yake ilikatwa na ule mfereji, ambao sasa ulikuwa mto kamili, umejaa, na hauna daraja kwa sababu hakuna jimbo lililokubali kuujengea. Upande wa magharibi njia ilikuwa kavu, pindo la zamani halina tone, lakini huko hospitali ilikuwa mwendo wa saa nyingi kwenye tope. Wakaamua kusubiri maji yapungue. Mvua ilikuwa inanyesha, wakamlaza ndani ya kuta za zahanati, kwenye kona, wakamshikia turubai. Alifariki kabla ya jua kuzama. Kulwa ndiye aliyekuwa ametia jembe la kwanza kwenye mfereji.

Habari hizo nilizipata sokoni, kutoka kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akinitania kuhusu tumbo langu. Nilirudi nyumbani na mke wangu akadhani nina malaria.

Waliniaga vizuri nilipostaafu. Nilipewa godoro na saa ya ukutani, na Mkuu wa Idara alisema mbele ya watu kwamba nimekuwa baba kwake. Kesho yake nilichimbua daftari kwenye sanduku, nikapanda bodaboda mpaka Mwalugesha. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba njiani. Nilipomwona Mama Kulwa amekaa mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, hotuba yote ilinitoka.

Nilimpa pole ya msiba. Kisha nikamweleza yote: mstari usio na namba, tuta la viroba, asubuhi ya kura, miezi kumi na minne. Nilimwambia kosa ni langu na nimekuja kuomba radhi. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mto tuliugeuza sisi," alisema. "Ruhusa niliitoa mimi. Wewe ulikuwa unajua kuandika na ukanyamaza. Kila mtu abebe la kwake."

Akainuka, akaniambia nimfuate. Nilimwacha atangulie kama nilivyofundishwa. Tulipita kuta za zahanati, tukashuka hadi kwenye mto wa zamani. Vijana walikuwa wameshaanza kuchimba kwenye mchanga wake, maduara mapya matatu, la karibu likiwa hatua chache kutoka tulipokuwa. Kwenye kona ya pindo, pale hasa ambapo wazee walisimama bila kubishana, palikuwa na kaburi lililojengewa kwa matofali ya kuchoma. Niliyatambua matofali yale.

"Kwetu tunazika nyumbani," alisema. "Watu wa kitongoji walishangaa nilipokataa azikwe uani. Nilitaka akae hapa. Siku mkirudi na mashine zenu, msiandike mto. Andika kaburi. Kaburi hakuna mkutano utakaolihamisha."

Nililitazama lile duara la karibu, naye akalitazama. Nilifungua daftari kwenye ukurasa wa pindo. Sikuona haya kulia mbele yake.

"Ukiandika," aliniuliza, "bati zitakuja?"

"Hapana, Mama Kulwa."

"Andika hivyohivyo."

Nikapiga mstari mmoja juu ya neno mto, likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika kaburi la Kulwa, nikaweka saini.